Sungura wa Bluu Dhidi ya Charizard wa Nyota Saba: Jinsi Reidi za Pokémon Zilivyobadilisha Kila Kitu

Desemba 2022, wikiendi ya kwanza. Pokémon Scarlet na Pokémon Violet zina wiki mbili tu sokoni. Ghafla kwenye ramani ya gemu zinatokea fuwele nyeusi, na ndani yake kuna Charizard. Huyu siyo yule mliyemzoea. Ana nyota saba na levo 100, na anaruhusu kukamatwa mara moja tu kwa kila akaunti ya mchezo. Ukimkosa wikiendi hiyo unasubiri tukio lirudi, na halikuwa la kila siku.

Watu wanaingia mbiombio, wanne wanne. Hawajuani, kila mmoja yuko nchi yake, na ndani ya pambano hakuna sehemu ya kuongea. Mmoja kaleta Koraidon, mnyama mkubwa wa kwenye jalada la gemu. Wa pili kaleta Miraidon, mwenzake wa jalada lingine. Wa tatu kaleta samaki wa maji kwa hesabu ya zamani kwamba maji yanazima moto. Wa nne kaja na kiumbe wa mawe, maana kila aliyecheza tangu utotoni anajua Charizard haliwezi jiwe.

Dakika chache baadaye wote wanne wametupwa nje ya pango. Kichapo cha mbwa koko.

Saa hiyohiyo kuna vyumba vingine ambavyo watu waliingia na sungura wa bluu mwenye tumbo la duara anayeitwa Azumarill, na walikuwa wanatoka na Charizard mkononi. Sungura! Mnyama ambaye wengi walimuona saa za mwanzo za gemu wakampita tu kama mtu anayepita kituo cha daladala kisicho chake.

Ili kuelewa ilifikaje hapo, lazima kurudi nyuma miaka 26.

1996: Enzi ya kila mtu na lwake

Pokémon Red na Green zilitoka Japani tarehe 27 Februari 1996, kwenye Game Boy. Viumbe walikuwa 151. Wachezaji wawili waliweza kuunganisha mashine zao kwa waya, wakabadilishana viumbe au wakapigana. Kubadilishana kulikuwa kwa lazima, maana baadhi ya viumbe walikuwa Red tu na wengine Green tu. Kwa hiyo roho ya kushirikiana ilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Ila kwenye kupigana ilikuwa mmoja kwa mmoja. Wewe na timu yako, yeye na timu yake. Mtu alijenga kiumbe kwa swali moja: huyu atanishindia mimi?

Miaka ilivyosogea, njia za kumjenga kiumbe zikaongezeka. Gold na Silver za 1999 zilileta vitu vya kubeba mwilini. Ruby na Sapphire za 2002 zilileta vipaji, pamoja na tabia 25 ambazo nyingi zinapandisha nguvu moja kwa asilimia 10 na kushusha nyingine kwa asilimia hiyohiyo. Chini kabisa kuna pointi za mazoezi: siku hizi kiumbe mmoja anapata 510 kwa jumla, na sehemu moja haiwezi kuzidi 252.

Kwenye pambano la mmoja kwa mmoja, wachezaji wengi walimwaga pointi hizo kwenye mwendo. Sababu iko wazi: anayewahi kupiga mara nyingi ndiye anayebaki amesimama. Kizazi kizima kikakua na imani hiyo. Mwendo kwanza, kipigo kikubwa pili, kujilinda baadaye.

Imani hiyo ndiyo iliyokuja kuwaua watu kwenye reidi.

2017: Reidi zinaanzia barabarani

Reidi za kwanza za Pokémon hazikuanzia kwenye konsoli. Zilianzia kwenye simu. Pokémon GO ilitoka Julai 2016, na Juni 2017 ikaleta mapambano ya bosi kwenye majimu. Yai linakaa juu ya jimu, muda ukifika linapasuka, bosi anatoka, na watu hadi 20 wanaweza kuingia pamoja. Ilibidi uwepo pale kimwili. Watu wasiojuana wakaanza kukusanyika kwenye bustani na vituo vya treni wakiwa wameinamia simu.

Julai 2017 wakaja viumbe wa hadithi. Uzinduzi wao ulifungwa na tamasha la Chicago, ambalo mtandao ulielemewa mpaka watu waliosafiri kutoka mbali wakashindwa hata kuingia kwenye gemu. Waandaaji walirudisha pesa za tiketi. Hata hivyo Lugia na Articuno waliachiliwa duniani, na mbio zikaanza.

Bosi wa hadithi alikuwa na saa ya sekunde 300. Ukishindwa kummaliza ndani ya muda huo, umekula hasara. Hapa swali la zamani likapinda. Kiumbe wa kuvumilia sana alikuwa mzigo, kwa sababu saa haikusubiri. Kilichotakiwa ni kipigo kingi kwa kila sekunde, na cha aina sahihi.

Tyranitar ndiye aliyekuwa mwalimu mzuri wa somo hilo. Ana asili mbili, jiwe na giza, na zote mbili zinaogopa ngumi. Machamp mwenye Counter na Dynamic Punch alimchakaza, wakati viumbe wenye namba kubwa zaidi kwenye skrini walikuwa wanamkuna tu. Ila programu yenyewe ilikuwa inampendekezea mchezaji timu, na ilipenda sana viumbe wagumu kufa kama Aggron. Mgeni akabonyeza tu "ingia", akafika na Aggron watatu, halafu akabaki hai mpaka mwisho akidhani amefanya kazi. Wenzake walikuwa wamembeba mgongoni. Aggron akageuka kichekesho cha mitandaoni.

Kwenye kundi la watu 15 mzigo huo haukuonekana. Kwenye kundi la watu wanne ulionekana vizuri sana, na watu wanne ndiyo idadi iliyofuata.

2019: Pango, watu wanne, na dhoruba

Pokémon Sword na Shield zilitoka tarehe 15 Novemba 2019 kwenye Nintendo Switch. Zilileta reidi za Dynamax: wachezaji wanne, kila mmoja na kiumbe mmoja tu, dhidi ya jitu moja. Sheria zilikuwa kali. Zikipita raundi 10, au wakizimia mara nne kwa jumla, dhoruba inawatupa nje nyote.

Someni vizuri hapo: mara nne kwa jumla, siyo kwa kila mtu. Mchezaji mmoja mwenye kiumbe dhaifu aliweza kuzimia mara nne peke yake na kuwafukuzisha watatu ambao hawakukosea chochote. Kwa mara ya kwanza kwenye Pokémon, udhaifu wa mmoja ukawa hasara ya wote kwa hesabu inayoonekana.

Usipokuwa na watu, gemu ilikupa wenzako wa kompyuta. Mmoja wao alikuwa anakuja na Solrock, na huyo Solrock akawa maarufu duniani kwa kutosaidia kitu. Picha za kumcheka zilisambaa kila kona.

Wachezaji walitafuta dawa na wakaipata haraka. Zacian wa upanga ana pigo la Behemoth Blade, na Eternatus ana Dynamax Cannon. Mapigo yote mawili yanauma mara mbili yanapomkuta kiumbe aliyevimba kwa Dynamax, na mabosi wote wa reidi wamevimba. Tena Eternatus alikuwa wa kila mtu, maana hadithi ya gemu haiishi bila kumkamata. Kwa hiyo hata mchezaji asiye na rafiki wa kubadilishana naye alikuwa na silaha.

Shida ni kwamba dawa ilikuwa rahisi mno. Watu walikariri jina la kiumbe badala ya kuelewa kwa nini anafanya kazi. Miaka mitatu baadaye wakaja na tabia hiyohiyo mbele ya Charizard: leta mkubwa wa jalada, bonyeza pigo kubwa, subiri ushindi.

2022: Kwa nini sungura alishinda

Scarlet na Violet zilileta fuwele za Tera. Fuwele inabadilisha asili ya kiumbe, lakini haimnyang'anyi mapigo yake ya zamani. Charizard wa Desemba 2022 alikuwa na asili ya Tera ya joka. Ilimaanisha mambo matatu kwa wakati mmoja.

Kwanza, jiwe halikumtisha tena. Charizard wa kawaida ni moto na mruko, kwa hiyo jiwe linamuumiza mara nne. Akiwa joka tupu, jiwe ni pigo la kawaida tu. Elimu ya 1996 ikafutika.

Pili, maji yalimuuma kidogo kuliko kawaida, kwa sababu joka linayahimili. Wale waliokuja kuzima moto walikuwa wanamuogesha.

Tatu, alikuwa bado anatema moto huku akipiga na mapigo ya joka. Koraidon na Miraidon wote wana asili ya joka, na joka likimpiga joka linauma mara mbili. Wale wanyama wa jalada walikuwa wanadondoka kama maembe msimu wake.

Sasa mtazame Azumarill. Ana asili ya maji na ya Fairy. Mapigo ya joka hayamgusi kabisa, sifuri. Mapigo ya moto yanamuuma nusu. Pigo lake la Play Rough ni la Fairy, ambalo joka linaliogopa. Kipaji chake cha Huge Power kinazidisha nguvu za kipigo mara mbili. Halafu kuna Belly Drum: anajipiga tumbo, anatoa nusu ya damu yake mwenyewe, na nguvu za kipigo zinapanda mpaka mara nne. Mara mbili kwa mara nne ni mara nane.

Lakini Azumarill wa porini hakuja tayari. Alitakiwa awe na Huge Power, maana wengine wanazaliwa na kipaji kingine. Belly Drum hajifunzi kwa kupanda levo. Ilibidi kumpeleka pikiniki akiwa amebeba Mirror Herb, pamoja na kiumbe mwingine anayelijua pigo hilo, ndipo alinakili. Tabia ilitakiwa iwe ya kupandisha kipigo. Pointi za mazoezi zilikwenda 252 kwenye damu na 252 kwenye kipigo.

Mwendo? Hakuupewa chochote. Kwenye reidi huwahi mpinzani kwa lengo la kummaliza kabla hajapumua, kwa sababu bosi ana damu mara nyingi kuliko kiumbe wa kawaida. Hafi kwa pigo moja. Utakula kipigo chake tu, kwa hiyo bora uwe na mwili wa kukipokea. Ile imani ya miaka yote ya "mwendo kwanza" iliishia hapo.

Zima moja, wote mnalipa

Reidi za Tera ziliacha raundi 10 na kuweka ufito wa muda. Kila mtu akizimia, kipande cha muda kinakatwa kwa wote, na yeye anasubiri kabla ya kurudi. Kwa hiyo aliyezimia anaharibu mara mbili: anapoteza muda wa timu, na hayupo wakati wenzake wanapigwa.

Hata Azumarill wanne hawakuwa na uhakika. Belly Drum inakata nusu ya damu, na ukiipiga vibaya bosi anakumalizia nusu iliyobaki. Tena bosi anaweza katikati ya pambano kufuta nguvu zote ulizojiongezea. Umetoa nusu ya damu, umepata nguvu, halafu zimefutwa. Unaanza upya na damu haipo.

Hapo ndipo mtu wa nne alipoanza kuonekana thamani yake. Yule ambaye hakuja kupiga. Aliyeweka Light Screen ili mapigo ya Charizard yapungue makali kwa timu nzima. Aliyepiga Screech mapema ili kushusha ulinzi wa bosi, kwa sababu bosi akishawasha ngao yake, vitimbi vya namna hiyo havipiti tena. Aliyetunza shangwe zake za kuponya, ambazo kila mchezaji anapewa tatu za kugawa kati ya kuponya, kuongeza kipigo na kuongeza ulinzi, na akazitoa pale damu ya wote ilipokuwa nyekundu.

Huyu mtu mwishoni anaonekana hana alichofanya. Namba zake za kipigo ni ndogo. Kwenye ndondo za mtaani ni yule kiungo mkabaji ambaye hakuna anayemuimba, mpaka siku asipokuja na timu ikafungwa tano.

Baada ya Charizard wakaja wengine, na kila mmoja aliuliza swali jipya. Cinderace alikuja na Tera ya ngumi, Greninja na ya sumu, Decidueye na ya mruko. Sungura aliyekuwa shujaa mwezi mmoja, kwa Greninja alikuwa marehemu mtarajiwa, maana sumu inaiumiza Fairy. Walioelewa kwa nini Azumarill alishinda walibadilisha kiumbe. Waliokariri jina lake walirudi kula kichapo.

Kwenye reidi za kawaida za nyota sita ikawa zamu ya Iron Hands, mwenye damu nyingi kupita kiasi, Belly Drum, na Drain Punch inayomrudishia damu kila akipiga. Naye alikuwa wa Violet peke yake. Mwenye Scarlet ilibidi atafute wa kubadilishana naye. Waya wa 1996 ulikuwa umeondoka, lakini kuhitajiana kulibaki palepale.

2023: Mewtwo na zawadi ya Mew

Septemba 2023 alikuja Mewtwo, bosi wa nyota saba mwenye Tera ya akili. Safari hii watengenezaji walifanya jambo ambalo halikuwa la kawaida: kabla ya pambano waligawa Mew bure kwa kila anayemtaka, na wakatangaza kwamba Mew ataongezewa nguvu akipigana na Mewtwo huyo. Kwenye hadithi ya tangu gemu za kwanza, Mewtwo ametokana na Mew. Kwa hiyo ilikuwa mzazi anatumwa kwenda kumrudi mtoto.

Bado watu walichapwa. Mewtwo alikuwa amebeba Chesto Berry na anajua Rest. Anafika damu mbaya, analala, damu inajaa yote, halafu lile tunda linamwamsha hapohapo. Waliokuwa wameshaanza kushangilia walibaki mdomo wazi.

Mew anaweza kujifunza karibu kila pigo la mashine, na hapo ndipo kupanga kulipokuwa na maana zaidi kuliko kumiliki. Wote walikuwa na kiumbe yuleyule. Tofauti ikawa nani amempa Leech Life, pigo la mdudu ambalo asili ya akili inaliogopa na ambalo linamrudishia damu, nani amemuandaa kusaidia wenzake, na nani amemwacha vilevile alivyopewa. Hakuna aliyeweza kusema kashindwa kwa sababu hana mnyama wa gharama.

Upande ambao hausemwi sana

Kuna jambo liliumiza watu katika safari hii. Kwenye chumba cha kusubiri, kila mmoja anaona mwenzake kachagua nani. Mwanzoni hiyo ilikuwa nafasi ya kujipanga bila maneno: huyu kaleta mpigaji, basi wewe leta wa ngao. Baadaye ikageuka kuwa nafasi ya kuhukumu. Mtu akiona kiumbe asiyempenda, anatoka kimya. Mtoto aliyeingia na kiumbe wake wa kwanza, aliyemlea tangu levo 5, anabaki anatazama chumba kikivunjika bila kujua kosa lake.

Wanaotoka wana hoja, kwa sababu muda wao unakatwa kweli mtoto huyo akizimia. Lakini mtoto naye ana hoja. Gemu imemwambia tangu mwanzo ampende kiumbe wake, na hakuna mahali ilipomfundisha waziwazi kuhusu Mirror Herb, ngao, wala bosi anayefuta nguvu. Elimu hiyo yote aliitoa mchezaji mwenzake, kwenye video na majedwali ya bure. Kuna watu wasiojulikana majina waliokesha wakipiga hesabu za Charizard usiku wa kwanza ili maelfu wasiowajua wamkamate kesho yake. Na kuna wengi ambao, baada ya kumpata wa kwao, waliendelea kufungua vyumba wikiendi nzima kuwavusha wageni, ingawa wao wenyewe wasingeweza kumkamata mara ya pili.

Pokémon GO nayo ilirudi kwenye somo hilohilo mwaka 2024, ilipoleta mapambano ya Max. Mapigo yake makuu yakawa matatu: la kushambulia, la kujikinga na kuvutia mashambulizi upande wako, na la kuponya timu. Oktoba mwaka huo Charizard, Venusaur na Blastoise wa Gigantamax walipokuja, vikundi viliruhusiwa kufika watu 40, na vilivyojaa wapigaji watupu vilianguka. Vyenye mtu wa kukinga na mtu wa kuponya vilivuka.

Kwa hiyo anayejiandaa kwa bosi anayefuata aanze na maswali manne kabla hajafungua boksi la viumbe. Bosi ana asili gani ya Tera leo? Mapigo yake ya zamani ni yapi? Kiumbe wangu atabaki amesimama baada ya kupigwa mara mbili? Na wenzangu watatu wameleta nini ambacho bado kinakosekana? Swali la nne ndilo ambalo Pokémon ya mmoja kwa mmoja haikuwahi kumuuliza mtu, na ndilo linaloamua chumba kinatoka na bosi au kinatupwa nje.

Haya mdau, Charizard yule akirudi kesho na watatu wameshaingia na Azumarill, wewe ungeingia na nani?